Nani alileta wimbi (ulezi) Luanda? Uzi wa kilimo na kilikotoka

MamaKisiagi (Luanda, Vihiga)

Mulembe, wadau. Nina kisiagi, mashine ya kusaga nafaka, hapa Luanda ya Vihiga, Kenya, karibu na soko, huu mwaka wa kumi na moja. Kijana wangu wa gredi ya nane alirudi Ijumaa na kazi ya nyumbani: kilimo kilianzia wapi? Jibu la kitabu chake ni aya moja. Mashariki ya Kati walilima ngano na shayiri, kilimo kikaenda Misri, "kisha kikaenea kote duniani". Basi.

Jumamosi nikamketisha mlangoni pa mashine na daftari, aandike kila kinachoingia. Kufikia saa sita mchana alikuwa na haya: mtama mwekundu uliochanganywa na muhogo mkavu, gorogoro (makopo ya kupimia) tatu kwa mbili, wa mzee mmoja kutoka Maseno. Wimbi mtupu wa uji wa mtoto. Mahindi, mahindi, mahindi. Mchanganyiko wa mwalimu fulani: wimbi, soya na njugu karanga, ambao huwa naupokea nikiwa nimenuna kwa sababu njugu hutoa mafuta na kuziba wavu. Mahindi tena.

Ngano sufuri. Shayiri sijaisaga tangu nifungue, hata harufu yake siijui. Sasa hicho kilimo kilichoenea kote, kilimwaga mizigo yake njiani kikaokota mingine kabla ya kufika Luanda? Vitu vyangu hivi vilitoka wapi na nani alivileta? Najua humu kuna walimu.

OderaKibuye

Mahindi ni ya Wahindi. Jina linajieleza. Kijana aandike hivyo, uzi ufungwe 😂

MwalimuNjoro

Odera, ungekuwa darasani kwangu ungesimama nyuma ya mlango mpaka kengele ilie.

Mahindi ni ya Mexico. Kusini mwa nchi ile, bonde la mto Balsas, kuna nyasi pori iitwayo teosinte. Suke lake ni kama kidole cha mtoto, lina punje tano hadi kumi na mbili hivi, kila moja imejifungia kwenye ganda gumu kama jiwe. Watu wa kule walianza kuichagua miaka 9,000 iliyopita, msimu kwa msimu, mpaka likatoka gunzi. Mahindi hayakuvuka bahari mpaka baada ya safari za Columbus za 1492, na Wareno ndio walioyafikisha pwani yetu. Jina limekwama tu: kitu kigeni kimeingia kwa njia ya bahari, kikapewa Uhindi. Waitaliano nao mpaka leo wanayaita nafaka ya Kituruki, na Uturuki haihusiki hata kidogo.

Mama Kisiagi, sisi tuliosomesha historia kidato cha kwanza tulikuwa na nadharia mbili ubaoni. Moja inasema kilimo kilizuka mahali pamoja kikatawanyika. Ya pili inasema kilizuka sehemu mbalimbali, kila sehemu kwa wakati wake na kwa mimea yake. Wanafunzi walizikariri zote mbili kwa sababu mtihani ulitaka zote mbili. Lakini wachimbuaji na wanasayansi wa mbegu wameshafika mbali, na ile ya pili imeshinda. Ngano, shayiri, mbuzi na kondoo ni za Mashariki ya Kati kweli, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mpunga ni wa bonde la Yangtze, Uchina. Viazi vya mbatata ni vya milima ya Andes. Ndizi na miwa ni za Guinea Mpya, kisiwa kilicho kaskazini mwa Australia. Pale Kuk, kisiwani humo, wamekuta mifereji ya mashamba na mabaki ya migomba ya miaka karibu 7,000. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mmeksiko hakuwahi kukutana na Mchina.

Na Afrika ina zake. Tuchukue daftari la kijana. Mtama: mashariki mwa Sudan, upande wa Kassala, ambako wachimbuaji walikuta alama za makapi ya mtama ndani ya vigae vya vyungu vya zaidi ya miaka 5,000. Mfinyanzi alichanganya makapi na udongo ili chungu kisipasuke motoni, makapi yakaungua, alama zikabaki. Wimbi: nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, yaani hapa jirani kabisa. Muhogo: Brazil. Njugu: Amerika Kusini. Soya: Uchina. Kwa hiyo huyo mwalimu wa mchanganyiko anakunywa uji wa mabara matatu, na bado anakuzibia wavu.

BwanaHoja

Mwalimu, kwa heshima, hapo sikubaliani. Binadamu ameishi zaidi ya miaka laki mbili bila kulima. Halafu ghafla, ndani ya miaka elfu chache, Mchina analima, Mwarabu analima, Mmeksiko analima, Mpapua analima. Wote kwa bahati? Mwizi akiingia nyumba nne usiku mmoja, sisi husema ni mwizi mmoja.

MwalimuNjoro

> Wote kwa bahati?

Sio bahati. Kilichowaunganisha ni hali ya hewa. Enzi ya barafu ilipokwisha, kama miaka 11,700 iliyopita, dunia ilipata joto na mvua zikatulia. Kabla ya hapo misimu ilikuwa inayumba vibaya: mahali panageuka kutoka msitu kuwa jangwa kabla mtu hajazoea. Kulima kunahitaji mwaka huu ufanane kidogo na mwaka jana. Hilo lilipopatikana, lilipatikana kwa wote. Hoja, mvua ya masika ikinyesha, Nakuru, Molo na Kericho wanapanda wiki moja. Utasema kuna mtu mmoja aliyepita akiwaambia?

BwanaHoja

Hiyo nimeipokea. Lakini bado kuna swali ambalo walimu hulikwepa: kwa nini mtu akubali? Kuwinda na kuokota matunda ni kazi ya saa chache. Kulima ni mgongo kuvunjika. Mimi nina ekari moja na nusu ya miwa huku Muhoroni, najua ninachosema.

MwalimuNjoro

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, na majibu yake yanagombana mpaka leo. Mifupa inakuunga mkono: sehemu nyingi za dunia, wakulima wa mwanzo walikuwa wafupi kuliko wawindaji waliowatangulia, na meno yameoza zaidi kwa sababu ya wanga.

Mmarekani mmoja, Jack Harlan, alifanya jaribio Uturuki miaka ya 1960. Alienda kwenye mteremko wenye ngano pori akavuna, kwa mkono na kwa mundu wa jiwe, akipima saa. Alipata kama kilo moja ya ngano safi kwa saa. Akapiga hesabu kwamba familia ikivuna kwa wiki tatu hivi itapata kuliko inavyoweza kula mwaka mzima. Ngano pori, bila kulima hata hatua moja. Swali lake likawa lako: mwenye chakula kinachojiotea ajisumbue kwa nini?

Ester Boserup mwaka wa 1965 alisema watu huongeza jasho shambani wanapobanana. Wanaozaliana na kukosa pa kuhamia huongeza kazi juu ya kipande kilekile. Nikitazama Vihiga ilivyo na watu na mashamba yalivyogawanywa mpaka yamekuwa vitanda, naona alikuwa na hoja. Ila kubanana peke yake hakutoshi. Nadhani wengi hawakuamua siku moja kuwa wakulima. Walikaa karibu na nafaka, nafaka ikawakalia. Mtu akishajenga ghala na kuzaa watoto watano, kurudi porini si rahisi.

NyarAlego (Siaya)

Nimekaa kimya nasoma. Naomba niongee kidogo kuhusu hiyo "kuchagua msimu kwa msimu", maana imepita haraka na ndiyo kazi yenyewe.

Dana wangu, mama yake baba, alipanda mtama mpaka alipofariki. Wakati wa kuvuna hakutuma mtu mwingine kuchukua mbegu. Alitangulia yeye, na kisu kidogo kilicholika makali mpaka kikawa kama jani, kabla vijana hawajaingia shambani. Alikuwa anapita anashika masuke kwa kiganja, anapima uzito, anatikisa. Lile linalomwaga punje akitikisa, analiacha. Lile linaloshikilia, anakata na shingo yake ndefu. Anafunga kwa kamba ya mkonge, anatundika juu ya meko. Moshi unapaka yale masuke mpaka yanakuwa meusi, na wadudu hawasogei. Ukithubutu kuyagusa wakati wa njaa unapigwa na mwiko. Mbegu si chakula, alisema, hata mkilala njaa.

Nilipokuja kusoma chuoni kwamba tofauti kubwa ya mtama pori na mtama wa shambani ni kwamba ule wa pori hupukutika wenyewe ukikomaa, na wa shambani husubiri mkono, nilikumbuka kile kiganja. Mmea wa pori usiopukutisha mbegu zake ni mgonjwa, utakufa bila kizazi. Ule ugonjwa ndio tulioutaka sisi. Kila anayevuna kwa kukata anaondoka na masuke yaliyoshikilia, yaliyopukutika yanabaki chini, na mbegu ya mwaka ujao inatoka kwenye yale ya nyumbani. Fanya hivyo miaka elfu moja. Dana hakujua kusoma, lakini kazi ya Kassala aliifanya Alego mpaka miaka ya 1990.

Na kwa lugha: sisi mtama tunaita bel. Waluhya wanaita amabele. Waswahili wana mawele, ingawa kwao ni nafaka nyingine. Wazulu kule chini wanasema amabele. Wabantu walitembea na hilo neno kutoka mbali, na sisi Wajaluo tuliotoka Sudan tukiwa na ng'ombe na mikuki tuna letu linalofanana nalo; nani alimkopesha mwenzake, sina hakika.

OderaKibuye

Nyar Alego umenikumbusha moshi wa kwa dana wangu. Narudi kwa adabu sasa. Mwalimu nisamehe ya Wahindi.

ElgonMagharibi (Teso Kaskazini)

Mnazungumza Kassala na Mexico, na jibu la Mama Kisiagi liko hapa kwetu Busia, mwendo wa matatu moja.

Kuna pango la mwamba linaitwa Kakapel. Watoto wa hapa tulikuwa tunaenda kucheza, ukutani kuna michoro, mingine ya ng'ombe. Ni eneo la kumbukumbu la kitaifa siku hizi. Wachimbuaji wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Marekani na Ujerumani walichimba sakafu yake, na mwaka wa 2024 matokeo yakachapishwa. Watu wamekaa pale kwa miaka 9,000, wakiondoka na kurudi. Na walichokuwa wanakitafuta ni mbegu.

Nitawaeleza mbegu ya miaka elfu mbili inavyopatikana, maana hata mimi nilidhani ni uongo. Mbegu iliyoungua motoni hugeuka mkaa, na mkaa hauozi. Unachukua udongo wa tabaka fulani, unamwaga kwenye maji, unakoroga taratibu. Udongo unazama, mkaa unaelea. Ni vilevile mama anavyoweka maharagwe kwenye beseni kabla ya kupika, yaliyotobolewa yanapanda juu. Kinachoelea unakikamata kwa kitambaa chepesi, unakianika kivulini, unakiweka chini ya darubini.

Walikuta kunde. Hiyo kunde moja imepimwa yenyewe, na ni ya miaka 2,300 iliyopita. Ni zao la shambani la zamani kuliko yote yaliyopatikana Afrika Mashariki mpaka wakati huo. Na kunde asili yake ni Afrika Magharibi. Kwa hiyo inaelekea ilitembea bara zima na wale wanaoitwa Wabantu, wakipita upande wa ziwa. Tabaka za juu zaidi, kuanzia kama miaka 1,000 iliyopita, wimbi umejaa. Mtama upo. Na kulikuwa na punje moja ya njegere iliyoungua, ambayo hakuna aliyetegemea kuiona pale, maana njegere za shambani zilijulikana zaidi kwa Ethiopia.

Halafu wakapima vinasaba vya mifupa ya waliozikwa pale. Wa tabaka za chini ni wawindaji, wa juu ni watu wengine walioingia baadaye kwa mikondo tofauti. Pango ni lilelile, jiko karibu lilelile.

MamaKisiagi

Elgon, umenifanya niinuke kitini. Kwa hiyo kunde zilifika kabla ya wimbi? Wimbi ambao umetoka hapo Uganda tu?

ElgonMagharibi

Kwa yaliyookotwa pale Kakapel, kunde ndiyo ya zamani zaidi. Haina maana wimbi haukuwepo mahali pengine. Punje ya wimbi ni kama kichwa cha pini, mama, kuipata kwenye udongo ni kazi ya macho.

ChebetKerio

Chamgei. Naona mnaanza hadithi katikati. Kabla ya jembe kufika nchi hii kulikuwa na ng'ombe, kwa miaka elfu na zaidi. Mwalimu Njoro anakaa juu yao na hasemi 😄

MwalimuNjoro

Chebet, nilikuwa nakusubiri wewe uje useme, wasidhani najipigia debe.

Ni kweli. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume na kitabu cha kijana. Mashariki ya Kati walianza na nafaka, mifugo ikafuata. Hapa mifugo ilitangulia. Ng'ombe, kondoo na mbuzi walishuka kutoka Sahara ilipokuwa inakauka, wakapita Turkana kama miaka 5,000 iliyopita. Lothagam, kando ya ziwa lile, wafugaji walijenga makaburi makubwa yenye nguzo za mawe. Mabaki ya mafuta kwenye vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania yanaonyesha walikuwa wanapika au kuhifadhi maziwa. Halafu kukawa na kusitasita kwa muda mrefu, mbung'o na magonjwa ya mifugo yanatajwa, ndipo wakajaa Bonde la Ufa miaka 3,000 na kitu iliyopita.

Hapa Nakuru tuna Hyrax Hill, Mary Leakey alichimba 1937 na 1938. Na hapa Njoro kwenyewe, ukingoni mwa mto, kuna pango alilochimba yeye na mumewe 1938. Watu walichoma maiti pale, na kila mmoja alizikwa na bakuli la jiwe, mchi na jiwe la kusagia. Miaka kama 3,000 iliyopita.

Mama Kisiagi, weka mkono kifuani. Jiwe la kusagia, kwa kila maiti. Kisiagi kaburini. Lakini nafaka haijaonekana pale, hata punje. Mawe mengine yana alama za ngeu, ile rangi nyekundu. Nimepeleka wanafunzi pale mara nyingi na kila mwaka kuna mmoja anayeniuliza walikuwa wanasaga nini, na kila mwaka najibu: rangi, dawa, labda mbegu za porini.

MamaKisiagi

Kisiagi bila nafaka! Huyo angefunga biashara wiki ya kwanza.

ChebetKerio

Na tuongeze hili: hata baada ya nafaka kufika, hakuna aliyeacha ya kwake. Gogo Falls kule Migori wachimbuaji walikuta mifupa ya ng'ombe, ya wanyama pori na ya samaki, vyote kwenye takataka za mji mmoja. Mtu alikuwa anafuga, anawinda na anavua. Vitabu vinapenda kuweka watu kwenye kabati: huyu mwindaji, huyu mfugaji, huyu mkulima. Babu yangu Marakwet alikuwa na mizinga ya nyuki, mbuzi, na zamu yake ya maji kwenye mfereji ulioshuka Cherangani tangu kabla ya wazungu. Ungemweka kabati gani? Wimbi wetu, mtama wetu kule bondeni ulinyweshwa kwa mifereji ya watu wasiokuwa na cheti cha uinjinia. Zamu ikifika usiku wa manane, unaamka.

BwanaHoja

Sawa, nimekubali kushindwa kwa awamu. Lakini niambieni: walioleta mbegu walikuja wao, au mbegu zilipita mkono kwa mkono sokoni? Maana hapo ndipo siasa za "nani wa kwanza hapa" zinapoanzia.

NyarAlego

Zote mbili, na tusilete siasa. Vyungu vya Urewe, vile vyenye kishimo cha kidole chini ya kitako, vimepewa jina la kijiji cha kwetu Siaya. Viliandikwa rasmi mwaka wa 1948. Aina hiyo imeenea kutoka huku mpaka Rwanda na Buhaya, na waliovifinyanga walifua chuma na walilima. Hao walihama kweli. Lakini kunde inaweza pia kusafiri kwenye kanga ya bibi harusi. Mimi niliolewa Emuhaya na mbegu za mtama wa dana kwenye leso. Mchimbuaji akija miaka elfu mbili ijayo atasema Wajaluo walivamia Vihiga.

OderaKibuye

😂😂 Walivamia kweli, na mtama mmoja.

KakamegaBengaluru

Wadau, niko India masomoni, nyumbani ni Kakamega. Nilipofika hapa Bengaluru niliugua kwa kukosa ugali. Wiki ya pili mwenye nyumba akanialika, akaleta tonge la kahawia, duara, linang'aa, na mchuzi. Wanaita ragi mudde. Ragi ni wimbi, uleule. Nilikula kwa mkono nikiwa nimefumba macho, nikasikia obusuma ya bibi. Yule mama ananiambia ni chakula cha asili yao tangu enzi na enzi. Sikuwa na moyo wa kumwambia ulitoka upande wa kwetu. Mtama nao uko huku, wanaita jowar, ulivuka bahari kama miaka 4,000 iliyopita. Kwa hiyo Odera, Wahindi hawakutuletea mahindi, ila sisi tuliwapelekea wimbi na mtama. Anayedaiwa sio sisi.

MkulimaNzoia (Kitale)

Nimechelewa, nilikuwa napiga dawa. Mmeongea ya kale mpaka yamenoga, lakini hakuna aliyeuliza imekuwaje kisiagi cha Mama kiseme mahindi, mahindi, mahindi. Mahindi yalikaa pwani miaka mingi bila kutawala bara. Yalipanda juu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na baada yake, yakawa chakula cha askari na cha vibarua wa mashamba ya walowezi. Kisha 1964 kituo chetu hapa Kitale kikatoa mbegu ya 611, mzazi mmoja wa hapa Kitale na mwingine mahindi kutoka Ecuador. Baba alisema mwaka wa kwanza wa 611 jirani walikuja kuhesabu magunia wakidhani ameiba. Ndani ya miaka michache wimbi ukawa wa uji na pombe ya busaa.

Wimbi unataka kupalilia kwa kuinama, kufukuza ndege, kuvuna kichwa kimoja kimoja, kupura, kupepeta. Mahindi yamevaa koti lake mwenyewe, ndege hana njia. Mwenye watoto shuleni atachagua nini? Watoto wakienda shule, nani atafukuza ndege?

Ila mgeni naye amekuja na maadui wake, na amekuta wengine. Kayongo, ule mmea wa maua ya zambarau unaonyonya mizizi, Waluhya wanaita oluyongo, asili yake ni upande uleule wa mtama. Umepigana na mtama maelfu ya miaka, mtama umejifunza kujikinga kidogo. Mahindi yalipofika hayakuwa yamewahi kukutana nao. Yananyonywa kama mtoto mgeni shuleni. Na mwaka wa 2017 adui wa nyumbani kwao akawafuata: viwavijeshi vamizi, kutoka Amerika. Leo asubuhi nimefungua shina moja nikakuta watatu wamelala ndani ya moyo wake kama wenye nyumba.

MwalimuNjoro

Nzoia amenifunika. Niongeze ngano tu, ili kitabu cha kijana kisionewe kabisa. Ngano ilifika hapa Njoro na mlowezi Lord Delamere miaka ya mwanzo ya 1900, ikaliwa na kutu, ule ugonjwa wa ukungu wa ngano, mpaka akaanza kuajiri watu wa kuzalisha mbegu mpya. Mpaka leo nchi nyingi huleta ngano zao zijaribiwe kutu hapa Njoro. Kwa hiyo ilifika, Mama, ila ilichukua njia ya Ulaya na ilichelewa miaka elfu kumi.

MamaKisiagi

Nimesoma yote na kijana, mara mbili. Nina jambo moja kutoka mlangoni pa mashine.

Muhogo. Mwalimu anasema Brazil, sikatai. Lakini muhogo mchungu una sumu, na wenyewe wa Brazil wanaukuna na kuukamua maji. Hapa hakuna anayekamua. Mama mkwe alinifundisha: unamenya, unaurundika pembeni mwa nyumba, unaufunika majani siku tatu au nne mpaka uote manyoya meusi na uwe moto ukiingiza mkono. Kisha unakwangua ule ukungu, unaupondaponda, unauanika juu ya mwamba. Nani alimfundisha mama mkwe wa mama mkwe wangu? Sio Mreno. Mreno alileta shina. Haya mengine ni wanawake wa Busia na Teso na Butere walioyatafuta wenyewe, na sina shaka kuna waliougua kabla jibu halijapatikana.

Mahindi nayo. Kijana alisoma mahali kwamba kule Mexico huyachemsha na chokaa kabla ya kusaga. Yalipopelekwa Italia na kusini mwa Marekani, maskini wakayala peke yake bila hiyo chokaa, wakapata ugonjwa wa ngozi na wazimu, pelagra. Mbegu ilipanda meli, lile sufuria la chokaa likabaki jikoni kwa mama wa Kimeksiko. Nadhani kitabu kinaposema kilimo "kikaenea", kinahesabu mbegu tu.

Kijana ameandika kurasa mbili na nusu. Mwalimu wake alitaka aya moja, tutaona.

MwalimuNjoro

Akikatwa alama nitafutie namba ya huyo mwalimu.

ElgonMagharibi

Mama, umesahau kusema ule muhogo wa ukungu ukisagwa na mtama unatoa ugali laini kuliko wa kukamua. Mpaka leo mahindi hayajaufikia.

OderaKibuye

Nimeshindwa kuvumilia. Ijumaa nashuka Luanda na gorogoro nne za wimbi na mbili za muhogo. Utakuwa umefungua saa ngapi?

MamaKisiagi

Saa moja, stima ikiwepo. Na huo wimbi upepete mawe kwanza, omera. Wiki jana mtu aliniletea wa kununua sokoni bila kuchagua, wavu ukatoboka mahali pawili, na bado sijapata wa kubadilisha.